Injini ya Mzee na Maji ya Chumvi

Gari yenyewe ilikuwa fupi, mbuzi akisimama kando yake ni mbuzi anaangalia gari kutoka juu. Milango miwili, viti viwili, na huko nyuma pa kuweka mzigo palitosha jerikani moja na Biblia, na hiyo Biblia uisukume na goti. Rangi yake kijani, kama majani ya mbaazi wakati mvua imekubali kunyesha. Ukiingia unalala chali kama mgonjwa, unaangalia barabara katikati ya magoti yako. Lakini ukiwasha! Wee! Kuku wa kwetu, Kalama yote, walikuwa wanataga bila mpango. Nimeona na macho yangu ng'ombe ya jirani ikisukuma ndama pembeni ndio isikize vizuri. Kama huamini wacha. Ng'ombe mwenyewe alishakufa, hakuna mahali utaenda kumuuliza.

Ilikuwa gari ya baba yangu. Zamani alifanya kazi kwa Mzungu mmoja wa shamba ya katani, na huyo Mzungu ugonjwa wake ulikuwa ni mbio. Wiki yote anaangalia katani, Jumapili anaenda kushindana na Wazungu wenzake kwa vumbi. Baba ndiye alikuwa anafungua hiyo injini na kuifunga. Alijifunza na vidole. Siku Mzungu anarudi kwao aligawa vitu. Mpishi alipewa kofia. Mlinzi alipewa mbwa, na huyo mbwa alikula kuliko watoto wake wote pamoja. Baba akaambiwa, hii gari wewe unaijua kuliko mimi, baki nayo.

Kwa hivyo sisi tulikulia nyumba ya matope yenye gari ya mashindano mlangoni. Chakula ni isyo, mahindi na maharagwe, kesho isyo, kesho kutwa ile isyo ya jana, lakini gari tuko nayo.

Mimi ni kifungua mimba, na nilipewa jina ya babu. Kwa hivyo baba hakuwahi kuniita kijana. Alikuwa ananiita "asa," yaani baba, vile sisi Wakamba hufanya mtoto akirithi jina ya mzee. Sasa fikiria, mtu mkubwa anayeogopwa na kijiji anakuita baba yake tangu ukiwa unatambaa. Hiyo kitu inaweza kuharibu kichwa ya mtu. Yangu iliharibika mapema. Shule niliijua kwa nje tu, rangi ya ukuta naweza kukuambia, lakini kuongea nilikuwa nashinda mwalimu mkuu.

Hiyo injini mzee ameifungua mara elfu. Sawa, mara saba. Na sheria yake ilikuwa moja. Rejeta, ile tangi ya mbele inayopoesha injini, haikunywa maji ya mtu yeyote isipokuwa ya mvua. Alikuwa na tangi yake ndogo chini ya gata ya paa, imefunikwa na bati na jiwe, na hata mgeni akifika na kiu, ya kunywa anapewa kutoka kwa mtungi. Ile ya tangi ni ya gari. Na kila safari jerikani moja ya hayo maji inakaa huko nyuma.

Ukitoka nje ya Ukambani unaweza kufikiria huo ni wazimu. Lakini visima vyetu, haswa ukishuka Mwala, viko na chumvi. Ukichemsha chai huko unaweza kusahau ukaanza kutafuta mfupa. Ng'ombe wanakunywa, watu wanakunywa, hakuna mtu amekufa. Lakini ile sehemu ya juu ya injini, ile mafundi wanaita hedi, ya hiyo gari ilikuwa ya alumini. Chumvi ikikaa kwa alumini inakula polepole, bila kelele, kama dumuzi kwa mahindi. Baba aliniambia hivyo mara nyingi kuliko alivyoniambia niogope Mungu.

Macho yake yalipoanza kufifia alinipa ufunguo. Kitabu cha gari, kile kinachosema gari ni ya nani, alibaki nacho kwa sanduku. Akaniambia, "Asa, iendeshe, lakini usiishi ndani yake."

Nikaishi ndani yake.

Nilianza kubeba mabibi harusi. Bibi harusi mmoja peke yake, kwa sababu kiti kimoja ni changu. Bwana harusi anafuata nyuma na lori ya mchanga, amesimama, suti imekuwa kahawia. Watu walikuwa wanapenda hiyo kitu vibaya sana! Mwala, Masii, mpaka kule Kivaa upande wa Masinga, harusi bila ile gari ya kijani ilikuwa ni mkutano tu. Na mimi nikishuka na miwani nyeusi, kuna mama mmoja alinisalimia na mikono miwili akidhani mimi ndiye askofu. Sikumkatiza. Nilimbariki.

Sasa sikiza vile nilifanya. Barabara ya huko ni vumbi. Unafika harusini gari imekuwa rangi ya mchwa. Lazima uioshe kabla bibi harusi hajatoka. Na ukiosha kijani na maji ya chumvi, ikikauka inaacha michirizi myeupe, kama mate kwa shavu ya mtu aliyelala. Aibu. Nikaangalia nyuma, nikaona jerikani ya mzee, maji tamu, safi, yamelala tu. Nikaosha gari nayo. Iking'aa, unajiona kwa mlango mpaka meno ya nyuma. Halafu rejeta ikitaka maji, kisima kiko hapo. Nikaweka ya kisima.

Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya pili niliangalia kushoto na kulia. Mara ya tatu nilikuwa napiga mluzi. Nilifanya hivyo misimu ya harusi miwili, na nikirudi Kalama najaza jerikani kwa tangi ya mzee kabla hajauliza. Akiuliza namwambia, "Imekunywa yote, baba, ilikuwa na kiu." Na alikuwa anafurahi! Alikuwa anaipiga boneti kofi kidogo, kama mtu anayesifu ng'ombe.

Ilikufa tukipanda kutoka Mwala, mchana kweupe, bahati bibi harusi nilikuwa nimeshamshukisha. Ilikohoa, ikatetemeka, halafu ikatoa moshi mweupe, mwingi, mpaka Wakatoliki wa hapo walisimama kuuliza kama papa mpya amepatikana. Chini ya barabara kulikuwa na wamama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wanabeba mawe ya kujenga bwawa ya mchanga. Wakaweka mawe chini wakakuja.

"Mwanangu," mmoja akaniuliza, "hii ni gari ama ni kitanda?"

"Ni gari ya mbio, mama."

"Mbio? Basi sisi leo ndio tunakimbia."

Wakasukuma na wimbo. Walitunga hapo hapo, wimbo wa bwana mwenye miwani ambaye gari yake inavuta sigara. Walinisukuma mpaka juu ya mlima wakiimba, na mimi kwa usukani nimeshika na mikono miwili kana kwamba kuna kitu naendesha. Huko juu nikapata pikapu ya kunivuta mpaka Machakos mjini.

Gereji niliyopelekwa ilikuwa ya fundi mmoja kutoka upande wa kwa Wakikuyu, mtu wa kazi, mdomo mtulivu, ovaroli imesimama yenyewe kwa sababu ya oili. Niliambia mzee kwa simu kwamba gari imechoka kidogo. Kesho yake asubuhi akafika na koti yake ya kanisa, na spana zake amefunga ndani ya kitambaa. Hakuna mtu alikuwa amemuita na spana.

Fundi akatoa oili kwanza. Ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Akafungua hedi, akaigeuza, akaiweka kwa benchi. Ilikuwa imeliwa. Zile njia za maji zilikuwa na matundu ungeweza kuingiza kidole, na kingo zimekuwa kama mkate umekaa kwa mvua. Unga mweupe ulikuwa umeganda kila mahali.

"Hii gari," fundi akauliza, "imekuwa ikinywa maji gani?"

"Ya mvua," mimi nikasema. Haraka. Swali lilikuwa halijafika chini. "Ya mvua tu. Muulize mzee, ana tangi yake."

Baba alikuja karibu, kwa sababu macho hayaoni mbali, akapitisha kidole ndani ya lile tundu kubwa. Kidole kikatoka na ule unga. Akakiangalia. Halafu akakilamba.

Mtu aliyekuwa akigonga chuma huko nyuma naapa aliacha.

"Asa," akaniambia, taratibu, "mvua ya siku hizi imekuwa na chumvi."

Mafundi wakacheka, walidhani ni mzaha wa mzee. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Sasa ikabaki kuamua. Fundi alitueleza vizuri. Kuna njia mbili. Ya kwanza, hedi ijazwe na kuchomelewa, isawazishwe, na vipuri vingine vitafutwe ng'ambo, na ng'ambo yenyewe hawajui kama bado viko, hiyo ni miezi na huenda isikubali. Ya pili, hii injini itolewe, iwekwe nyingine. Alikuwa nayo pale kwa kona, injini ya Kijapani, ametoa kwa gari ndogo ya kubeba mayai iliyogonga mti. "Siku nne," alisema, "na utasahau shida."

"Mimi nitaitengeneza," baba akasema.

Fundi akatabasamu kwa heshima. "Mzee wangu, hii si ya kufunga na kufungua. Hii ni ya mashine."

"Wakati ilipasuka mara ya kwanza kulikuwa na mashine gani? Nilijaza, nikapiga tupa, nikasugua juu ya kioo cha dirisha mpaka ikawa sawa. Wiki tatu. Ikaenda miaka na miaka."

"Hiyo ilikuwa ufa, mzee. Hii ni chujio."

"Nipeni tu."

"Na macho, mzee?"

Baba akainua vidole vyake. "Nani alikuambia tupa inatumia macho?"

Fundi akaniangalia mimi. Mzee pia akaniangalia mimi. Na hapa ndio lazima niseme ukweli, ambao kwangu si mchezo, mimi ukweli natumia kama chumvi, kidogo kidogo. Nilikuwa nimeshatangaza. Binti ya katekista wetu alikuwa anaolewa Jumamosi ya pili kutoka hiyo siku, na mimi nilikuwa nimesimama nje ya kanisa nikaambia watu wote kwamba nitamfikisha na gari ya kijani, kwamba nimeipaka nta mpaka nzi akitua anateleza. Nilikuwa nimesema hata askari wa barabarani watasimamisha magari tupite. Hakuna mtu aliniuliza. Ni mdomo tu. Wiki tatu za tupa zilikuwa ni nyingi sana kwa mdomo kama wangu.

Basi nikaunda maneno. Nikamwambia, "Baba, tufanye hivi. Tuweke hii ya mayai kwa muda, nisaidie hiyo harusi. Ile yako nakuletea nyumbani, yote, na hedi yake. Utengeneze bila kuharakishwa na mtu. Ikiwa tayari tunairudisha mahali pake."

Alikuwa ameshika ile hedi na mikono miwili, na ni nzito, lakini hakuiweka chini.

"Utaileta lini?"

"Kesho kutwa. Na mkokoteni wa punda. Mpaka mlangoni."

"Kesho kutwa."

"Nikikosa niitwe mwanamke." Wakati huo nilikuwa naapa ovyo hivyo.

Akaiweka kwa benchi. Akamwambia fundi, "Usiache mvua iiguse," halafu akachukua spana zake akaenda stendi.

Injini ya mayai iliingia siku ya nne, vile fundi alisema. Ilikuwa ndefu. Boneti ikakataa kufunga. Tulikaa juu yake watu watatu, ikakataa. Kwa hivyo fundi akachukua mashine ya kukata akatoboa boneti shimo mraba, kama ya kuchungulia, na kichwa cha injini kikatokea hapo. Nilimwambia wenye magari ya mbio wa Ulaya ndio hufanya hivyo. Kwa harusi tulifunika shimo na maua.

Kuhusu mlio sijui nikuambie nini. Ulikuwa umezoea simba, sasa unasikia cherehani. Niliingia kwa uwanja wa kanisa na miwani yangu nyeusi, watu wamejipanga, wamama wako tayari kupiga vigelegele. Halafu kijana mmoja wa kwaya akapaza sauti: "Trei ya mayai ni ngapi leo?"

Vigelegele vilikuja, lakini vilikuwa na kicheko ndani. Bibi harusi mwenyewe aliinama akatoka kwa gari akiwa amefunika mdomo na maua. Mpaka leo nikipita soko ya Jumamosi kuna watu wananiuliza kama ni ya kienyeji.

Unaweza kufikiria baada ya hapo nilikimbia kupeleka ile injini nyumbani. Hapana. Hasira ilinishika, na mtu mwenye hasira ya aibu hapendi kuona kitu kinachomkumbusha. Kesho kutwa ilikuwa imeshapita. Baba akauliza. Nikamwambia punda ni mgonjwa. Wiki ya pili punda alikuwa amezaa. Wiki ya tatu punda alikuwa ameenda matanga ya punda mwingine huko Kathiani, na mzee akacheka, kweli alicheka, akasema basi aje akimaliza kulia. Nilikuwa naona nimeshinda. Nilikuwa najiambia, ona, amecheka, hajali sana.

Bibi yangu ndiye aliniambia, tukiwa tunachambua mbaazi.

"Baba watoto, umeingia kwa stoo ya mzee?"

"Kufanya nini?"

"Nenda uone. Ametoa mahindi yote. Amefagia. Amemwaga maji chini ndio vumbi isiamke. Alinikopa shuka, ile nyeupe ya wageni, ameitundika mlangoni kama pazia."

"Ya nini?"

"Alisema alumini haitaki vumbi." Akachambua kidogo. "Kila asubuhi anapanga zile spana. Halafu anakaa. Nikimpelekea chai anauliza kama nimesikia mkokoteni."

Sikuenda kwa stoo. Nilienda moja kwa moja Machakos, na hiyo cherehani yangu, mbio ambazo hata Mzungu wa katani hakuwahi kukimbia.

Fundi alikuwa chini ya lori. Alitoka miguu kwanza.

"Injini ya mzee," nikasema.

"Injini gani?"

"Ya baba. Ile ya chumvi."

Akajipangusa mikono muda mrefu, kidole kwa kidole. "Ulisema kesho kutwa. Mimi nilingoja kesho kutwa nyingi. Simu yako nilipiga, ukaniambia uko harusini. Hapa pangu ni padogo, bwana. Wale wa kununua vyuma kuukuu walipita, nikafikiri umeitupa. Watu wengi hutupa."

Na alikuwa na haki. Nimejaribu kumchukia huyo mtu nimeshindwa. Alinipigia, na mimi nilikuwa harusini kweli, nimekaa kwa viti vya mbele, nahadithia watu vile gari yangu ilishinda ndege.

Ile sehemu ya chini, ya chuma, ilikuwa imepandishwa lori ikaenda Nairobi. Hedi ilibaki hapa mjini, kwa sababu hapa kuna watu wanayeyusha alumini wanatengeneza sufuria. Nikakimbia huko. Ni kibanda cha mabati, moto chini, mchanga mweusi umepigwa umbo la sufuria, na mwanaume mmoja mwenye jasho akimimina kile kitu kama maziwa ya fedha. Nikamuuliza kama ameona hedi ya injini, ya zamani, iko na matundu.

"Yenye matundu mengi? Nyeupe nyeupe?"

"Hiyo."

"Eh, hiyo ilikuwa ya kiungwana. Iliyeyuka kama siagi." Akaonyesha na kidevu. Kando yake kulikuwa na sufuria zimepangwa, ndogo ndani ya kubwa, mpya, zinang'aa. "Imo humo. Sasa iko kwa gani, hiyo siwezi jua. Zingine zilishauzwa. Unataka ya ugali ama ya chai?"

Hakuwa ananicheka. Alikuwa mfanyabiashara, ameona mteja. Nilisimama hapo naangalia zile sufuria moja moja, kama mtu ameitwa mochari kutambua mtu wake.

Njiani kwenda Kalama nilitunga hadithi sita. Katika moja injini ilikuwa imeibiwa na majambazi wenye bunduki. Katika nyingine jumba la makumbusho lilikuwa limeiomba, wakaiweka ndani ya kioo na taa. Hiyo niliipenda, niliirudia mpaka ikawa na sherehe na mgeni rasmi.

Nilipoinua ile shuka nyeupe, mzee alikuwa ameketi kwa kigoda. Benchi ilikuwa mlango wa zamani juu ya mawe, ameupiga randa mpaka unateleza. Spana zimepangwa kwa ukubwa, kutoka ile ya kidole mpaka ile ya mkono. Tupa tatu. Kipande cha kioo cha dirisha kimelazwa juu ya gunia iliyokunjwa, kimepanguswa mpaka hukioni. Na katikati ya benchi alikuwa ameacha nafasi tupu, urefu wa hedi kamili, amepima na mkono wake.

"Nimesikia gari," akasema. "Sijasikia punda."

Hadithi zote sita zilinitoroka. Nikasema, "Baba, imekuwa sufuria."

Alifikiri ni mzaha. Alingoja mwisho wake, uso umeanza kufunguka tayari kucheka, kwa sababu kwangu kila neno lina kicheko mwisho. Alingoja. Ndipo ule uso ukafunga tena, polepole, na mimi nikiwa nimesimama hapo nauona ukifunga.

Sikutukanwa. Ningependa sana kutukanwa. Alianza kukusanya spana, kuanzia ile ndogo, anaziweka kwa kitambaa, na kila moja anaigusa kwanza ajue ni ipi. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akausogeza pembeni na nyuma ya kiganja chake, vile unasogeza tawi njiani.

"Ile chumvi," akasema, "niliijua tangu gereji. Chumvi si kitu. Chumvi inatolewa na tupa." Akafunga fundo. "Uliona mimi naongea tu. Mzee anaongea, mwache aongee."

"Hapana, baba."

"Ungesema."

Hiyo ndiyo yote. Bibi yangu alirudishiwa shuka yake hiyo jioni, imekunjwa mara nne. Mahindi yakarudi kwa stoo. Kesho yake mzee alitoa kitabu cha gari kwa sanduku akaniwekea mezani, kile ambacho nilikuwa nakitafuta miaka kumi na nane na kuimba na kubembeleza. Nikamwambia hapana, kaa nacho. Akaniambia, "Injini iliyoandikwa humu mimi siijui iko wapi. Wewe ndiye unajua." Akatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Kwa hivyo sasa gari ni yangu, kutoka taa mpaka taa. Nimefunga ule mraba wa boneti na bati. Kwa harusi siitwi tena, mara moja moja tu, na siku hizo nikitoka naweka maji ya mvua kwa rejeta, ya tangi ya mzee, ijapokuwa fundi aliniambia hii injini ya mayai ingekunywa hata mkojo wa punda na isiumwe.

Baba yuko, anakula vizuri. Tunaongea. Ananiambia mvua imechelewa, mimi namwambia mbuzi fulani anachechemea. Ukitupita utasema hawa wanaelewana.

Jumapili iliyopita nilimkuta kando ya barabara, koti ya kanisa, fimbo, kofia mkononi. Kanisa ni mbali kwa miguu yake. Nikasimamisha, nikashuka, nikazunguka nikafungua ule mlango wa upande wake. Kiti nilikuwa nimekipangusa, nimeweka mto ndio asizame.

"Ingia, baba."

"Nimeita boda."

Niliangalia barabara huku na huku. Hakukuwa na boda, hakukuwa hata na mbwa.

"Atachelewa. Ingia, ni dakika kumi."

"Nimeshamuita. Si vizuri akuje akose mtu."

Nikazima gari. Nikakaa pale kwa boneti, kwa ile bati, na yeye amesimama hatua tatu kutoka kwangu, tunangoja wote wawili. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Nilitafuta kitu cha kuchekesha, na mimi huwa havinikosi, nikapata kimoja kizuri sana cha padri na mbuzi. Nikakimeza.

Boda alifika baada ya muda mrefu, na alipofika nilijua hakuwa ameitwa, alikuwa anapita tu na gunia ya makaa nyuma. Baba aliinua fimbo akamsimamisha. Wakasaidiana kusukuma gunia mbele. Mzee akapanda, akakunja koti ndio isishike makaa, akashika mabega ya yule kijana.

"Twende polepole," akamwambia. "Macho yangu yanaingia vumbi."

Wakaenda. Niliwasha ile cherehani nikawafuata nyuma, mbali kidogo, mpaka kanisani.